Klachi ya gari: kwa nini huungua, na nini husahauliwa inapobadilishwa

Klachi inayoteleza katikati ya mji humchelewesha dereva na kumpotezea fedha. Klachi hiyo hiyo ikiteleza ndani ya bonde la mto au katikati ya mchanga wa mashariki mwa Oman, huweza kuhatarisha maisha ya dereva na ya abiria wake. Makala haya yanaeleza sababu kuu zinazoharibu klachi, dalili zinazotangulia, na kwa nini kubadilisha pleti peke yake mara nyingi hakumalizi tatizo.

Mji wa Samad Ash Shan uko katika wilaya ya Al Mudhaibi, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini. Wataalamu wa mambo ya kale wanaufahamu kutokana na makaburi ya Zama za Chuma yaliyochimbuliwa hapo, hata jina la mji huo likatumika kuuita utamaduni mzima wa enzi hizo. Madereva wanaufahamu kwa jambo jingine. Upande mmoja ipo milima ya Hajar ya Mashariki. Upande wa pili nchi inateremka kuelekea mchanga wa Sharqiyah, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500. Na kati ya milima na mchanga yamepita mabonde makavu yaitwayo wadi, ambayo hujaa maji kwa ghafla mvua inaponyesha milimani. Mlima, mchanga na wadi ni mitihani mitatu mikubwa ya klachi, na gari la eneo hilo huweza kuipitia yote mitatu kwa siku moja.

Kiswahili si lugha ngeni katika sehemu hizo. Familia nyingi za Ibra, Al Mudhaibi na vijiji vya jirani zina ndugu Zanzibar, Mombasa na kwingineko Afrika Mashariki. Baadhi yao walirejea Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Leo lami imeenea nchini kote, na magari mengi ya familia ni ya gia za otomatiki. Hata hivyo, miongoni mwa pikapu za kazi, zinazobeba mbuzi na malisho kwenda soko la Alhamisi la Sinaw au matangi ya maji kuelekea kwa wafugaji wa mchangani, bado zipo nyingi za gia za mkono. Na penye gia za mkono pana klachi.

Ili kuelewa namna klachi inavyoharibika, ni lazima kwanza kuelewa kazi yake. Injini inapowaka huzunguka muda wote, ilhali magurudumu hayazunguki muda wote. Hivyo panahitajika kiungo cha kuunganisha na kutenganisha nguvu ya injini na giaboksi kila dereva anapotaka. Nyuma ya injini lipo gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili. Nyuma ya flaiwili hukaa pleti ya klachi, yaani sahani nyembamba iliyobandikwa lainingi pande zote mbili. Pleti hiyo hubanwa na presha pleti, yenye springi ya mfano wa sahani iliyokatwa vidole.

Dereva anapokanyaga klachi, rilizi beringi husukuma vidole hivyo, mbano ukaachia, na pleti ikabaki huru. Anapoachia, springi hubana tena, na flaiwili, pleti na presha pleti huzunguka kama kitu kimoja. Katika sekunde moja au mbili za kuachia, pleti huteleza kidogo kabla ya kushika. Mtelezo huo mfupi ndio unaoliwezesha gari kuondoka bila kuruka, na ni wa kawaida kabisa.

Anayetaka kuelewa madhara ya mtelezo mrefu na abane viganja vyake viwili na kuvisugua kwa nguvu. Vikisuguliwa kwa muda mfupi hupata uvuguvugu. Vikiendelea kusuguliwa huunguza. Vikibanwa vikatulia, havitoi joto lolote. Klachi nayo ni vivyo hivyo. Iliyoshika sawasawa haichakai, hata kama gari litatembea kutwa nzima katika barabara kuu ya kutoka Maskati hadi Sur. Huchakaa pale tu inapoteleza. Ndiyo maana klachi ya dereva mmoja huweza kupita kilomita laki moja, na ya mwenzake, mwenye gari la aina ile ile, ikafa katika mchana mmoja wa kuhangaika mchangani.

Sababu ya kwanza ya kuharibika kwa klachi, kwa hiyo, ni mazoea ya dereva mwenyewe. Baya zaidi ni lile la kupumzisha mguu wa kushoto juu ya kikanyagio wakati gari linatembea. Dereva huona hakanyagi, lakini uzito wa mguu pekee huweza kutosha kulisogeza beringi na kuulegeza mbano. Pleti huteleza kidogo kidogo pasipo mtu kujua, na beringi huzunguka likiwa na mzigo saa zote.

Zoea la pili ni kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono. Gari husimama likining'inia kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma, huku pleti ikisagwa. Madereva wa daladala na matatu katika misongamano ya Dar es Salaam na Nairobi wanalifahamu zoea hilo, na malori yanayopanda mlima Kitonga, mkoani Iringa, hulipia gharama yake pindi msafara unaposimama katikati ya mwinuko. Kadhalika, kuondoka kwa gia namba mbili, kupandisha mno mwendo wa injini wakati wa kuachia klachi, kubeba mzigo kupita kiasi na kuvuta gari jingine, yote hayo huirefusha ile sekunde moja ya mtelezo.

Mchangani mambo huwa mazito zaidi. Mchanga hushika magurudumu, injini huvuta, na kinachosalimu amri kati ya viwili hivyo ni klachi. Gari lililozama haliokolewi kwa kukanyaga mafuta na kuachia klachi nusu nusu. Kitendo hicho hupandisha joto kwa haraka, lainingi ikatoa harufu ya kuungua, ikang'aa kama kioo na kupoteza uwezo wa kushika. Wenye uzoefu hufanya maandalizi kabla ya kuingia: hupunguza upepo wa matairi hadi karibu nusu ya kiwango cha barabarani ili yatambae juu ya mchanga, na katika magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne huchagua ule mwendo mdogo wenye nguvu unaoandikwa L4. Katika mwendo huo magurudumu huzungushwa polepole kwa nguvu nyingi, na klachi hushika upesi. Gari likizama, koleo ni nafuu kuliko pleti mpya. Upepo hurejeshwa kabla ya kurudi kwenye lami.

Sababu ya pili haina uhusiano na dereva, nayo ni oili. Lainingi hufanya kazi ikiwa kavu. Mbele yake ipo sili inayozuia oili ya injini, na nyuma yake ipo sili inayozuia oili ya giaboksi. Mojawapo ikichoka kwa umri au kwa joto, oili hurukia pleti. Gari huanza kuteleza, au hutetemeka wakati wa kuondoka. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi hushusha giaboksi, hutoa pleti iliyolowa, huweka mpya na kurudisha kila kitu mahali pake, lakini sili inayovuja hubaki vile vile. Baada ya muda mfupi pleti mpya nayo hulowa, na mwenye gari huamini ameuziwa kipuri bandia, kumbe kosa lilikuwa jirani.

Sababu ya tatu ni mfumo wa kuachanisha klachi. Katika magari yenye waya, waya uliokazwa mno haviachi vidole vya springi virudi kikamilifu, na pleti huteleza. Uliolegea mno hautoi nafasi ya kutosha, na gia hukataa kuingia. Katika magari yanayotumia majimaji, kikanyagio husukuma silinda ya juu, nayo husukuma silinda ya chini iliyo kwenye giaboksi. Mpira wa ndani ukichakaa, majimaji huvuja au hewa huingia, na kikanyagio huzama bila ya klachi kuachia.

Majimaji yanayotumika aghalabu ni yale yale ya breki, na watu wengi husahau kuyabadilisha. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3, kwa mujibu wa viwango vinavyotumika, huchemka yakiwa mapya katika nyuzi joto zisizopungua 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Unyevu huo pia hutia kutu ndani ya silinda na kuukwaruza mpira. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe takriban kila miaka miwili. Kosa kubwa zaidi ni kujaza oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki pale yanapopungua njiani. Oili hiyo huvimbisha mipira yote, na matengenezo ya kipuri kimoja hugeuka kuwa ya mfumo mzima.

Sababu ya nne ni uchakavu wa viungo vinavyozunguka pleti. Rilizi beringi lililokwisha hulia pale klachi inapokanyagwa na hunyamaza inapoachiwa. Mlio ukiwa kinyume chake, yaani husikika mguu ukiwa juu na kupotea mguu ukikanyaga, aghalabu chanzo ni beringi la ndani ya giaboksi. Flaiwili iliyopata madoa ya buluu ya kuungua, springi ndogo za katikati ya pleti zilizovunjika, au mipira ya kushikilia injini iliyokatika, yote hayo huleta mtetemo unaofanana na ule wa klachi mbovu.

Sababu ya tano ni vumbi, matope na maji. Nyumba ya klachi haikuzibwa kama ilivyozibwa injini; ina upenyo wa kupitishia hewa na uma wa beringi. Gari linapovuka maji marefu, maji yenye mchanga huweza kuingia humo. Land Rover za zamani zilikuwa na kizibo maalumu cha kufunga tundu la chini la nyumba hiyo kabla ya kuvuka maji, kisha hufunguliwa ng'ambo ili unyevu utoke. Kama gari litaegeshwa kwa wiki nyingi likiwa limelowa, pleti huweza kushikana na flaiwili kwa kutu, na siku ya kuwashwa klachi haiachii kabisa.

Suala la maji katika Samad Ash Shan halina budi kutajwa kwa uzito wake. Mwezi Aprili mwaka 2024 mvua kubwa ziliinyeshea Oman, na mafuriko yakasomba watu katika mji huo. Watoto wa shule walikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha. Hakuna klachi, injini wala tairi inayoweza kushindana na wadi iliyofurika, na sheria ya usalama barabarani ya Oman inahesabu kuvuka wadi inayotiririka kwa kuhatarisha maisha kuwa ni kosa la jinai. Lakini yapo mazingira mengine ambayo ubovu wa gari huongeza hatari: wadi ni kavu, mawingu yamo milimani, na gari linakataa kuondoka katikati ya changarawe. Dereva anayejua kwamba klachi yake inateleza hana sababu ya kuipitisha njia hiyo. Likimfia hapo, jambo la kwanza ni kuwatoa abiria na kupanda mahali pa juu. Gari hufikiriwa baadaye.

Joto nalo halisamehe. Tarehe 26 Juni mwaka 2018, katika mji wa Qurayyat ulio pwani kati ya Maskati na Sur, kipimo cha joto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24, mchana na usiku. Mtu aliyekwama mchangani katika siku ya namna hiyo hawezi kusubiri usiku umpoze. Maji ya kunywa ya akiba, simu yenye chaji na mtu anayejua njia iliyofuatwa ni mambo ya lazima. Nambari ya dharura ya polisi nchini Oman ni 9999.

Klachi inayoteleza ina hatari nyingine ambayo madereva wengi hawaifikirii, nayo ni ya kuteremka. Katika mteremko mrefu dereva hutegemea injini imsaidie kulizuia gari ili breki zisichemke. Injini haiwezi kulizuia gari ikiwa klachi haishiki. Katika barabara ya kupanda Jabal Al Akhdar, upande wa Nizwa, polisi katika kituo cha Birkat Al Mawz wamekuwa wakiruhusu kupita magari yanayovuta kwa magurudumu manne tu, na sababu kubwa ni ukali wa mteremko. Gari la aina hiyo lenye klachi iliyokwisha limepoteza sehemu ya kinga hiyo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na klachi nayo hutoa dalili zake mapema. Ya kwanza ni mlio wa injini kupanda ilhali mwendo wa gari hauongezeki, hasa mlimani na katika gia kubwa. Ya pili ni harufu kali ya kuungua. Ya tatu ni gia kukwaruza au kukataa kuingia, hasa gia ya kurudi nyuma. Ya nne ni kikanyagio kuwa kizito au chepesi kuliko kilivyozoeleka. Ya tano ni gari kutetemeka wakati wa kuondoka. Dalili mbili za mwanzo huelekeza kwenye pleti isiyoshika. Ile ya tatu huelekeza kwenye klachi isiyoachia. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani klachi isiyoachia huweza kutengenezwa kwa kipuri kidogo cha mfumo wa majimaji bila ya kushusha giaboksi.

Lipo jaribio jepesi la kutambua mtelezo. Gari husimamishwa mahali tambarare pasipo na watu mbele wala nyuma, breki ya mkono ikavutwa imara na breki ya mguu ikakanyagwa. Huingizwa gia kubwa kabisa, kisha klachi huachiwa taratibu. Klachi nzima huizima injini mara moja. Injini ikiendelea kuunguruma huku klachi imeachiwa, pleti imekwisha au imelowa. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwa kuwa lenyewe huipasha moto klachi.

Baada ya hapo hufuata safari ya gereji. Katika gereji nyingi za Sharqiyah mafundi hutoka India, Pakistan na Bangladesh, na mazungumzo huchanganya lugha kadhaa. Lakini lipo swali moja ambalo mwenye gari hana budi kuliuliza kwa lugha yoyote ile: pleti ya zamani imekufa kwa sababu gani? Jibu limeandikwa juu ya pleti yenyewe, na mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa kabla haijatupwa.

Lainingi iliyoisha sawasawa hadi kwenye ribiti ni ishara ya umri. Pleti hiyo imetimiza kazi yake. Lainingi nene lakini nyeusi na yenye kung'aa, pamoja na madoa ya buluu kwenye flaiwili, ni ishara ya joto la mtelezo, na dawa yake ni kubadili mazoea au kupunguza mzigo. Lainingi yenye utando wa mafuta ni ishara ya sili mbovu. Vidole vya springi vilivyochimbika ncha zake ni ishara ya mguu uliokuwa ukipumzika juu ya kikanyagio. Pleti iliyolika upande mmoja ni ishara ya ufungaji mbaya uliotangulia. Lainingi iliyokwaruzwa mistari ya duara ni ishara ya mchanga ulioingia.

Gharama kubwa ya kazi ya klachi haipo katika pleti, bali katika kushusha na kupandisha giaboksi. Kwa sababu hiyo, mafundi makini hubadilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, hukagua sili zote mbili, hulainisha uso wa flaiwili pale inapobidi, na hupaka grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti, kwani ikizidi hurushwa juu ya lainingi mpya. Vumbi la ndani halifai kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayosababisha saratani, na si rahisi kwa jicho kutambua zilizo nayo na zisizo nayo. Kitambaa chenye maji ni salama zaidi.

Pleti mpya nayo huhitaji upole katika kilomita mia chache za mwanzo hadi uso wake ukubaliane na chuma. Katika muda huo haifai kuvuta gari jingine wala kupelekwa mchangani.

Kwa jumla, klachi ni kipuri kilichoumbwa kuchakaa, lakini kwa nadra hufa pasipo sababu inayoonekana. Anayelipa fedha ya pleti mpya bila ya kujua kilichoiua ile ya kwanza amenunua muda tu, na huenda muda huo ukamwishia mahali pasipo na gereji wala kivuli. Anayeijua sababu, ikiwa ni mguu wake mwenyewe, sili ya riyali chache au mafuta ya breki yaliyosahauliwa, huingia wadi na mchanga akiwa na gari analoweza kulitegemea.